Kazi ya Bomba Imekwisha, Choo Bado

Nyuma ya majengo mengi ya ghorofa yaliyojengwa miaka ya 1950 na 1960 Upanga jijini Dar es Salaam, Ngara jijini Nairobi au Ganjoni, Mombasa, hushuka mabomba mazito ya chuma yaliyopakwa rangi tabaka juu ya tabaka. Ni chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu: kigumu, kisichopinda, na kinachopasuka kikipigwa vibaya. Bomba la inchi 4 la aina hiyo lina uzito unaozidi kilo 10 kwa kila mita. Mengi yaliletwa kwa vipande vya futi 6, kila kipande kikiwa na mdomo mpana upande mmoja wa kupokea ncha ya kipande kingine. Pengo lililobaki kati yao lilijazwa nyuzi zilizolowekwa lami, zikashindiliwa kwa tindo butu, kisha risasi iliyoyeyushwa ikamiminwa juu yake. Fundi wa majahazi anayekalafati mbao angeielewa kazi hiyo bila kuelezwa.

Mengi ya mabomba hayo yamepita miaka 60. Kwa kawaida chuma cha namna hii hutarajiwa kudumu kati ya miaka 50 na 100, kutegemea kinachopita ndani yake na hewa inayokizunguka, na upepo wa bahari haukihurumii. Kwa hiyo kukitengeneza au kukibadilisha kumekuwa shughuli ya kawaida ya wakazi wa ghorofa. Ni kazi ndogo mno kuitwa mradi wa maendeleo, na kubwa mno kuachiwa fundi mmoja Jumamosi asubuhi. Ina makisio, ina mapatano hata kama ni ya mdomo, ina kianzio na tarehe ya kumaliza. Na kama ilivyo kwa miradi mingi, kilichoahidiwa na kilichojengwa huachana mahali fulani njiani. Kwa maoni yangu, huachana pale ratiba inapohesabu mita za bomba, ilhali watu wanaoishi humo wanahesabu saa ambazo choo hakitumiki.

Ahadi zenyewe zinafanana karibu kila mahali. Bomba la wima la zamani litatolewa lote, kuanzia juu ya paa hadi chini, na nafasi yake itachukuliwa na plastiki ya milimita 110. Kazi itachukua wiki moja, siku 10 mambo yakiwa magumu. Hakuna atakayehama. Kuta zitarudi kama zilivyokuwa. Gharama itagawanywa sawa kwa kila fleti. Ahadi hizi kwa kawaida hutolewa kwa nia njema. Fundi amesimama uani, ametazama juu, amehesabu mita, viwiko na viungo, akapiga hesabu ya alichokiona. Lakini alichokiona ni nusu ya mfumo, pengine pungufu.

Nusu nyingine ni matawi yanayopita kwenye ukuta na zege kutoka chooni hadi bomba la wima, ni kipande kilicho chini ya jamvi (sakafu ya zege) la ghorofa ya chini, na ni njia ya kuelekea kwenye chemba. Huko chuma huoza kwa siri. Gesi ya haidrojeni salfaidi inayotoka kwenye maji taka hugeuzwa na bakteria kuwa asidi ya salfa kwenye unyevu wa upande wa juu wa bomba, na asidi hiyo hukila chuma kidogo kidogo kutoka ndani. Kwenye bomba lililolazwa, upande wa chini ambako maji hupita nao huliwa, hadi bomba likabaki na mgongo bila tumbo na maji yakapita moja kwa moja juu ya udongo. Kuna uozo mwingine wenye hila zaidi: chuma chenyewe huondoka na kuacha nyuma grafiti, ile kaboni laini inayotiwa kwenye penseli. Bomba hubaki na umbo lake lote na unene wake wote, lakini ukilikwangua kwa kisu linamomonyoka.

Fundi mzoefu hulipima kwa nyundo ndogo na sikio. Bomba zima likigongwa hulia, na lenye ufa au lililooza hutoa sauti iliyokufa. Kipimo hicho hakihitaji mtambo wowote, wala hakimalizi asubuhi moja kwa jengo la ghorofa tatu. Hata hivyo hurukwa mara nyingi, na sababu yake ni ya kibiashara tu: anayekuja kukadiria halipwi kwa kukadiria. Atalipwa akipewa kazi, na atapewa kazi bei yake ikiwa ndogo. Kadiri anavyopima zaidi ndivyo makisio yake yanavyopanda juu ya ya mwenzake aliyetazama kwa macho peke yake. Ipo kamera ya kuingiza ndani ya bomba, na katika miji mikubwa hukodishwa, lakini bomba lazima lisafishwe kwanza ili kamera ione kitu, na kusafisha kwa nguvu bomba lililochoka kunaweza kulitoboa. Mwenye kuiogopa hatua hiyo hajakosea sana. Ila akiiruka, basi na makisio yake yaseme waziwazi kwamba sehemu ya chini haijulikani hali yake.

Jambo jingine la kupangwa mapema ni hewa, na hili hueleweka kwa wachache. Majengo ya wakati ule yalifuata utaratibu wa Waingereza wa mabomba mawili: moja la choo, jingine la maji ya bafu, beseni na jikoni, yote yakiteremka nje ya ukuta. Uingereza kwenyewe, kanuni za ujenzi za miaka ya 1960 zilianza kutaka mabomba ya majengo mapya yawe ndani, kwa sababu moja au nyingine ikiwemo baridi ya kugandisha maji. Huku hapakuwa na baridi ya kuyahamisha, yakabaki nje, na hiyo ni bahati kwa anayeyakarabati leo. Sasa mpango wa ukarabati, ili kupunguza gharama, hupendekeza mabomba yote mawili yaunganishwe kuwa moja. Inawezekana, na kwingi hufanya kazi vizuri. Lakini kila choo na kila beseni lina mkunjo wenye maji, trapu kama mafundi wanavyoiita, ambao kina chake cha maji huwa baina ya milimita 50 na 75 na ndicho kinachozuia harufu isirudi ndani. Maji mengi yakishuka kwa kasi kwenye bomba moja lisilo na njia ya kutosha ya hewa, huvuta na kile kidogo kilichomo kwenye trapu za majirani. Mradi unakamilika kwa tarehe, na wiki inayofuata fleti ya pili inanuka kwa namna ambayo haikuwahi kunuka wakati wa mabomba mabovu.

Kisha kuna swali la nani mwenye bomba. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2008 kuhusu umiliki wa sehemu za jengo, na ya Kenya ya mwaka 2020 kuhusu jambo hilohilo, zinatambua kwamba jengo lina sehemu za mtu binafsi na sehemu za pamoja. Bomba la wima linalohudumia fleti zote ni la wote. Tawi linalotoka kwenye choo cha mtu na kuhudumia choo hicho peke yake ni jambo la kuzungumzwa, na huzungumzwa sana, kwa kawaida katikati ya kazi. Katika jengo la aina hii utakuta mwenye fleti mmoja anaishi humohumo, mwingine amepangisha, wa tatu yuko Kanada au Uingereza na ufunguo wake uko kwa shemeji anayesafiri. Fleti iliyofungwa haizuii bomba la wima kupita, lakini inazuia tawi lake kuunganishwa, na mafundi hawawezi kuziba tundu wasilolifikia. Nimeona ratiba nyingi za kazi kama hizi zikiorodhesha vifaa hadi gundi na msasa, bila mstari hata mmoja wa funguo.

Tuje kwenye ujenzi wenyewe, maana hapo ndipo hesabu ya siku inapogeuka.

Bomba la chuma hubomolewa kutoka juu kwenda chini. Kila kipande, chenye uzito wa karibu kilo 20 au zaidi, kimekaa juu ya mdomo wa kilicho chini yake na kushikwa ukutani kwa masikio na misumari ambayo kutu imeshaila. Ukikata chini kwanza, vyote vya juu vinabaki vimening'inia juu ya kichwa chako. Bomba jipya la plastiki, kwa upande wake, hupandishwa kutoka chini kwenda juu, kwa sababu mteremko na urefu wote hupimwa kuanzia kwenye chemba. Matokeo yake ni rahisi kuyaona ukishayataja: fleti ya juu kabisa ndiyo ya kwanza kupoteza choo na ya mwisho kukipata tena. Ya chini hufungwa siku moja, labda mbili. Ya juu hufungwa muda wote wa mradi. Kwa hiyo ile "wiki moja" iliyotajwa kwenye kikao ilikuwa na maana tofauti kwa kila aliyekuwepo, na wote wameombwa kuchangia sawa.

Katika wiki hiyo watu hutafuta njia. Watoto hupelekwa kwa jirani wa chini, wanaume hutegemea msikiti au ofisi, ndoo hutumika usiku. Mzee mwenye magoti mabovu hana njia. Mjamzito hana njia. Hawa kwa kawaida hawakuulizwa kwa sababu kikao kilikuwa cha wenye fleti, na wao ni wapangaji au ni wazazi wa wapangaji. Siku 7 zikigeuka 12, mkandarasi ameongeza siku 5 ambazo kwenye vitabu vyake ni ucheleweshaji wa kawaida. Kwa mtu wa ghorofa ya juu ni jambo jingine kabisa.

Iko njia ya pili. Bomba jipya husimamishwa kando ya la zamani, kutoka chemba hadi juu ya paa, likakamilika na kupimwa huku la zamani likiendelea kutumika. Kisha kila fleti huhamishwa kwa siku yake: asubuhi tawi linakatwa, jioni choo kinafanya kazi. Njia hii ina gharama zake. Inahitaji nafasi ukutani, na ukuta wa nyuma wa majengo haya umejaa viyoyozi, waya za nguo na roshani zilizoongezwa. Inahitaji matundu mapya na kuyaziba ya zamani. Chemba lazima ipokee mabomba mawili kwa siku kadhaa. Jumla ya siku za mafundi huongezeka. Ndiyo maana mbele ya kikao huonekana mbaya: bei imepanda na tarehe ya mwisho imesogea. Lakini hakuna fleti iliyokosa choo zaidi ya siku moja. Ukilinganisha karatasi mbili za makisio kwa jumla ya siku pekee, utachagua ile inayowaumiza zaidi watu wako.

Kazi ya kukata nayo ina mambo yake. Mabomba haya yamesimama karibu sana na ukuta, upana wa vidole viwili au vitatu, na diski ya grainda haifiki nyuma. Kuna kifaa cha mnyororo kinachozungushwa bomba na kukazwa hadi chuma kikatike mara moja pande zote, kizuri kwa bomba ambalo bado ni zima, lakini kwa lililooza hulivunja popote linapotaka kuvunjika. Wengi huishia kwenye nyundo. Nyundo hufanya kazi haraka, na mara nyingine hupasua mdomo wa kipande ambacho kilikuwa kibaki. Hapo mita 2 zilizopangwa kubadilishwa zinakuwa 4.

Risasi iliyomo kwenye viungo inataka uangalifu kuliko inavyopewa. Huyeyuka kwa nyuzi 327 za selsiasi, joto ambalo taa ya gesi ya fundi hulifikia bila shida, na moshi na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Mafundi huitoa, huiyeyusha uani na kuiuza. Chuma nacho kina wanunuzi wake wa vyuma chakavu. Bomba la mita 12 ni zaidi ya kilo 120 za chuma, na ni nadra kwa makisio kusema fedha zake ni za nani. Naona ni bora kuliandika jambo hilo, hata kwa mstari mmoja. Si fedha nyingi, lakini nimesikia vikao vya jengo vikitumia muda mwingi kwenye chuma chakavu kuliko kwenye choo.

Pale plastiki inapokutana na chuma kilichobaki ndipo penye udhaifu mkubwa kuliko pote. Kiungo kinachofaa ni cha mpira mzito chenye mikanda ya chuma kisichoshika kutu, kilichotengenezwa kwa ajili ya vipimo viwili tofauti, maana chuma cha zamani kilipimwa kwa inchi na plastiki hupimwa kwa milimita. Kisipopatikana dukani, na mara nyingi hakipatikani siku inayohitajika, fundi hufunga kwa katani na saruji. Saruji ni ngumu, plastiki hurefuka na kufupika. Bomba la plastiki la mita 10 kwenye ukuta unaopigwa na jua linaweza kurefuka kwa zaidi ya sentimita 1 joto lake likipanda kwa nyuzi 20. Mwaka wa kwanza saruji inapata ufa mwembamba. Wa pili, ukuta unapata doa. Ndiyo sababu bomba refu la nje linahitaji kiungo cha kupokea urefukaji huo, vishikizo visivyozidi mita 2 kutoka kimoja hadi kingine, na rangi ya kulikinga na jua ambalo hulifanya likauke na kupasuka. Vitu hivi vitatu ni vya bei ndogo na ndivyo vya kwanza kuachwa fedha zikipungua.

Haina maana kwamba kila bomba la chuma ling'olewe. Kama nyundo inaonyesha kipande kimoja tu ndicho kibovu, kukikata na kuweka kipya kati ya viungo viwili vya mpira ni kazi ya siku moja na ni kazi halali. Chuma kina sifa ambazo plastiki haina: hakitoi mlio maji yakishuka usiku, na hakiyeyuki moto ukitokea. Gundi ya epoksi juu ya ufa mwembamba hununua miezi kadhaa, mradi aliyeipaka aseme ni miezi. Ulaya na Marekani hutumia pia njia ya kuingiza ndani ya bomba bovu soksi iliyoloweshwa resini, ikagandishwa na kuwa bomba jipya ndani ya la zamani. Ilitumika mara ya kwanza London mwaka 1971. Kwetu bado ni adimu kwa majengo ya kuishi, na hata huko inahitaji bomba ambalo bado limeshika umbo lake.

Sasa, yanayobaki. Bomba likishasimama na maji yakateremka bila kuvuja, mambo hubadilika. Wakazi wamechoka, fundi ameitwa kwenye kazi nyingine, na sehemu kubwa ya fedha imeshalipwa. Kinachobaki kwenye orodha kinaonekana kidogo kidogo: tundu la ukuta lililozibwa kwa mfuko wa saruji badala ya lipu, vigae vitatu vya bafuni, bomba la hewa lililoishia chini ya ukingo wa paa karibu na dirisha badala ya kupanda juu yake, mfuniko wa chemba uliovunjika wakati chuma kiliposhushwa. Bomba la maji ya jikoni, ambalo lilikuwemo kwenye mazungumzo ya mwanzo, bado ni lilelile la zamani.

Mlango wa kusafishia ndio unaonisumbua zaidi. Kila bomba la wima linapaswa kuwa na sehemu ya kufungulia karibu na chini, na nyingine pale linapopinda, ili likiziba fundi aingize waya bila kubomoa. Kwenye mchoro mlango huo huwepo. Ukutani huenda umeelekezwa ndani, umbali wa vidole viwili kutoka kwenye tofali. Au umezungushiwa boksi zuri la mbao na vigae bila kuacha kijimlango. Au uko ndani ya stoo ya duka la chini ambalo mwenye duka hulifunga saa 12 jioni. Vyote hivyo huhesabika kuwa "umewekwa". Siku bomba likiziba usiku, aliyeko ghorofa ya tatu atajua tofauti kati ya kuwekwa na kufikiwa.

Kuhusu gharama, wengi huanza na tuhuma. Zipo kazi za udanganyifu, lakini hazihitajiki ili kueleza kwa nini bei hupanda. Sehemu iliyofichwa ikifunuliwa na kukutwa mbovu, mtu hawezi kuirudishia sakafu na kujifanya hakuona. Jukwaa la kupandia hukodiwa kwa siku, nalo halijui kama siku hiyo mafundi walifanya kazi au walimsubiri shemeji mwenye ufunguo. Vigae vya bafu vya miaka 20 iliyopita havitengenezwi tena, kwa hiyo kuvunja vitatu kunamaanisha kubadilisha ukuta mzima au kuishi na viraka, na hapo ladha ya mwenye fleti huanza kuingia kwenye bajeti ya wote. Kuna fleti moja au mbili ambazo hazijalipa, na mkandarasi hupunguza vibarua badala ya kusimamisha kazi, jambo ambalo hurefusha siku za jukwaa. Na kuna maneno ambayo sijui jengo lililoyakwepa: "maadamu mmeshabomoa." Maadamu mmeshabomoa, tubadilishe na bomba la maji safi. Maadamu mmeshabomoa, sinki lisogee pale. Kila ombi lina sababu, na kila moja hutolewa kwa mdomo, kwa fundi, si kwa mweka hazina.

Fungu la dharura la asilimia 10 ambalo makisio mengi huweka linatosha kwa sehemu inayoonekana. Kwa kilicho chini ya jamvi ni kubahatisha tu. Wanaofanya vizuri zaidi hawajaribu kukisia. Hukubaliana mapema bei ya mita moja ya bomba litakalokutwa bovu chini ya sakafu, pamoja na kubomoa, kuchimba, mteremko wa sentimita 2.5 kwa kila mita na kurudishia zege, kisha hupima baada ya kufunua. Jumla inaweza kupanda vilevile, lakini hakuna anayejadiliana bei akiwa amesimama juu ya shimo lililo wazi.

Makabidhiano kwa kawaida ni ya kutazama: bomba linamwagiwa ndoo 3 za maji, watu wanatikisa vichwa kukubali. Kipimo halisi si kigumu. Mafundi wa Uingereza huziba bomba juu na chini, hujaza maji kwenye trapu, na kusukuma hewa hadi shinikizo la maji ya milimita 38. Likikaa dakika 3 bila kushuka, viungo vimeshika. Kinahitaji mpira, vizibo na kijibomba cha kioo au plastiki. Kifanyike kabla ya lipu, maana baada ya lipu hakuna anayetaka kujua.

Majengo mengine huzuia sehemu ya malipo hadi kipindi cha matazamio kipite. Kwa mabomba ya nje, kipindi hicho kina maana kikivuka masika, kwa sababu katika baadhi ya majengo ya zamani maji ya paa yaliunganishwa kinyemela kwenye bomba la maji taka, na mvua ya Aprili hupima kile ambacho ndoo 3 za makabidhiano hazikupima. Sehemu iliyozuiwa ikiwa ndogo kuliko nauli na kutwa ya vibarua wawili, fundi hana sababu ya kurudi kuziba vigae vitatu, na kwa hesabu zake yuko sahihi.

Inabaki sehemu ya chini ya jamvi, ambayo huahirishwa mara nyingi kuliko nyingine zote kwa kuwa iko chini ya duka au fleti ya mtu na kuifikia kunataka sakafu ibomolewe. Plastiki mpya iliyo juu yake ni laini ndani na hushusha kila kitu kwa kasi hadi kwenye chuma cha zamani chenye magamba ya kutu, na kuziba kunakofuata hutokea kwa mtu wa chini, ambaye choo chake ndicho kilichofungwa kwa muda mfupi kuliko vyote wakati wa kazi. Kipande hicho kisipopewa bei na tarehe kwenye karatasi ileile ya makabidhiano, hurudi baada ya mwaka au miwili kama mradi mpya, wenye kikao chake, kianzio chake, na fundi mwingine anayesimama uani akitazama juu.